Dakika Ishirini Nilizozikata

Kanuni ya banda letu la video ilikuwa moja tu, na mimi ndiye niliyeitunga: vita vikiisha, picha imeisha. Mtu mbaya akishaanguka, sikungoja majina yapande kwenye kioo wala watu wakumbatiane mbele ya nyumba inayoungua. Nilibonyeza kitufe, nikatoa diski, nikaweka nyingine. Watu walinisifu kwa hilo. Walikuwa wametoka kanisani, wamekula, wana saa tatu hivi kabla ya mvua ya jioni, na hakuna aliyetaka kuzimaliza akiwatazama Wazungu wakizungumza polepole.

Banda lilikuwa la mabati, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, katika kisoko kimoja upande wa Mogogosiek ambako mashamba ya wenyeji yanapakana na majani chai ya kampuni. Viti vilikuwa mbao zilizolazwa juu ya matofali. Kulikuwa na televisheni moja, deki moja, spika mbili, na mimi na maiki yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Chuo kilikuwa kimenishinda na nilijiona nimepata kazi ya maisha. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, na wale watu wa kwenye picha humeza nusu ya maneno yao, kwa hiyo nisichosikia nilikitunga. Mpaka leo sijui nusu ya picha nilizotafsiri zilihusu nini. Lakini watu hawakuja kusikia wale wanasema nini. Walikuja kunisikia mimi. Mwizi wa benki kwangu alikimbilia Kiptere, jasusi alikataa pombe akaomba mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na jambazi mkuu alikuwa na hasira kwa sababu majani yake yamerudishwa kwenye mizani. Watu walicheka mpaka mbao zikaanguka.

Kila Jumapili alikuja mzee mmoja kutoka upande wa ziwani, mchumaji wa kampuni, ambaye alikuwa akichuma chai tangu mimi niko shule ya msingi. Ninamwita mzee, ingawa hakuwa amevuka hamsini na tano. Alivaa koti la kahawia la kanisani. Akifika safu ya tatu, karibu na nguzo, alitoa kitambaa cha mfukoni, akakikunjua, akakitandika juu ya ubao, ndipo akakaa. Hakupiga kelele hata siku moja. Mwenye kofia akikaa mbele yake, yeye alisogeza shingo. Ukimwambia asonge apishe wengine, alisema, "Sawa tu," akainuka na kitambaa chake.

Hilo neno lilijulikana kambi nzima ya wachumaji. Maji yakikatika kwenye bomba la nyumba zao, sawa tu. Akipewa mstari wa mteremkoni ambako michai imepanda hadi kifuani, sawa tu. Watoto walimwigiza, na yeye mwenyewe alitabasamu akiwasikia. Nilimpenda yule mzee, kwa namna ile mtu anavyompenda mteja asiyeleta shida.

Nyapara wake alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kuhusu huyu nitasema sasa yale niliyopaswa kuyasema wakati ule, na nitayasema kwa haki. Hakuwa mtu mbaya wa kwenye picha. Nilipokuwa sekondari nililala sebuleni kwake miaka miwili na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Alikuwa mcheshi. Lakini alikuwa na shamba lake dogo la chai karibu na Roret, na watu wa genge lake walikwenda huko Jumapili kumchumia. Ilikuwa ikiitwa kumsaidia. Hakuna aliyelazimishwa, ila yule ambaye hakwenda alikuta kazi yake ya katikati ya wiki imekuwa ngumu.

Yule mzee hakwenda. Alimwambia nyapara kwa adabu kwamba Jumapili ni ya Mungu, na baada ya Mungu ni ya picha. Shemeji alitusimulia hayo mezani, chakula kikiwa kinywani. "Ati Mungu na picha," alirudia, na meza yote ikacheka.

Sasa lazima nieleze adhabu yake. Majani yakifika kwenye mizani hukaguliwa. Yanatakiwa majani mawili na chipukizi, basi. Ukileta magumu, au yenye vijiti, kikapu chako humwagwa juu ya gunia na wewe mwenyewe unachambua, unatoa yasiyofaa, ndipo upimiwe. Ni sheria ya haki, hata mimi nyumbani nimeifanya. Shemeji aliifanya kwa yule mzee kila siku, majani yakiwa mazuri au mabaya, na hakuyamwaga juu ya gunia. Aliyamwaga chini, kwenye changarawe. Wenzake wote wanapimiwa wanaondoka, yeye amechuchumaa anaokota jani moja moja huku trekta linanguruma. Jani likikaa pale kwenye jua huanza kuwa jekundu. Alipomaliza kuokota, aliambiwa mengine yameshakuwa mekundu, atupe.

Shemeji alipofika hapo katika hadithi yake, aliinuka kitini akachuchumaa sakafuni kutuonyesha. Aliokota majani ambayo hayakuwepo, akayapangusa moja moja kwenye mkono wa shati, akasema kwa ile sauti ya upole ya mzee, "Sawa tu. Sawa tu." Dada yangu alicheka akiwa ameshika birika. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikamwonyesha shemeji jinsi ya kuipata ile sauti vizuri zaidi, maana kuigiza sauti ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Wiki mbili baadaye ndipo ile picha ilipofika. Nililetewa diski kutoka Kericho mjini, haina ganda, haina jina, imeandikwa namba tu kwa kalamu. Ilikuwa ya fundi wa lifti katika jengo refu la mji wa baridi. Mtu wa kawaida kabisa, ana upara kidogo, anakula chakula chake peke yake kwenye ngazi. Jirani anaegesha gari mlangoni pake. Bosi anampa zamu za wengine. Wanawake wa ghorofani wanamcheka nguo zake za kazi. Nusu ya picha nzima yule mtu hajasema kitu, na watu wangu wakaanza kukohoa na kuongea mambo ya kanisani. Ukishika maiki unajua mara moja unapoanza kuwapoteza.

Hapo bosi akachukua mfuko wa fundi akaumwaga sakafuni. Spana zikatawanyika. Fundi akachuchumaa, akaanza kuokota moja moja. Mdomo wangu ulisema kabla mimi sijafikiri, kwa sauti ambayo kila mtu mle ndani aliijua: "Sawa tu."

Banda lilivunjika kwa kicheko. Watu waligeuka kutazama safu ya tatu. Mzee alikuwa ameketi juu ya kitambaa chake, anatabasamu. Nilimwona anatabasamu, na kwa miaka mingi nilijitetea kwa tabasamu hilo.

Ningeishia hapo. Mzaha mmoja watu huusahau kabla ya Jumatatu. Lakini nilikuwa nimeonja kile kicheko, na nilitaka kingine. Spana nikazigeuza majani. Bosi nikamgeuza nyapara. Nikasimulia yote: Jumapili za kumsaidia mkubwa, shamba la upande wa Roret, mzee aliyesema siku ni ya Mungu na ya picha, kikapu kinavyomwagwa kwenye changarawe, jani linavyokuwa jekundu juani. Sikutaja jina, na halikuhitajika. Shemeji hakuwepo, alikuwa shambani kwake na watu wake. Ulikuwa ukweli mtupu, nikiutoa kwa spika mbili, na kila mtu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Mwishowe fundi akaokota spana ya mwisho, ile kubwa. Hakuirudisha mfukoni. Akasimama, akaanza kupanda ngazi kwenda ofisini kwa bosi, ghorofa baada ya ghorofa, na muziki ukashuka. Nami nikashusha sauti nikaileta maiki karibu na midomo. "Leo," nikasema, "sawa zimeisha."

Walipiga mbao kwa mikono na miguu. Fundi alifungua mlango, akapiga, bosi akaanguka, akapiga tena. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Mimi nikabonyeza kitufe na kutangaza kwamba picha imeisha, kama kawaida yangu.

Watu walipokuwa wakitoka, wengine walimpiga yule mzee mgongoni wakimwambia leo amewaonyesha. Alikunja kitambaa chake mara mbili, mara nne, akakiweka mfukoni. Alipofika mezani kwangu alisimama.

"Dijei," akaniuliza, "imeisha hapo?"

"Imeisha, mzee."

"Sawa tu," akasema, na akatoka kwenye mvua.

Maneno yangu yakaanza kutembea. Kambini, kwenye bomba, kwenye mistari ya chai, watu walisalimiana kwa hayo. Mchumaji alimwita mzee kutoka mstari wa pili, akimuuliza sawa zimebaki ngapi leo. Watoto walihesabu wakiruka kamba: sawa moja, sawa mbili, zimeisha. Niliyasikia hata kwenye foleni ya posho, na nikaona fahari. Nilijiambia kwamba sasa nimekuwa mtu.

Shemeji naye aliyasikia, na hakucheka. Hakunikasirikia mimi, nafikiri hakuamini kwamba nilisema mengi kiasi hicho. Alimkasirikia mzee, kana kwamba mzee ndiye aliyeshika maiki. Kikapu kikaanza kumwagwa asubuhi na jioni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa kumi hivi. Sikuwepo. Nimesimuliwa na watu wengi na wote wanakubaliana. Majani yalimwagwa, mzee akachuchumaa akaanza kuokota. Mtu mmoja kwenye foleni ya mizani, ambaye sijawahi kumjua, akasema akiiga ile sauti ya chini ya maiki, sauti yangu mimi, "Leo sawa zimeisha." Foleni ikacheka. Mzee akainuka. Akaenda pale wale wa kupogoa walipokuwa wameweka visu vyao, akachukua kimoja, akarudi akitembea tu. Shemeji aliinua mkono kujikinga. Alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia, na bega likakatwa mpaka mfupa.

Wanasema mzee aliweka kisu chini, akatoa kitambaa chake mfukoni, akamfunga shemeji mkono kwa nguvu, akaushika hivyo hivyo mpaka gari likaja. Daktari alisema bila kile kitambaa damu yote ingekwisha.

Kortini alikubali. Aliulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli, akakaa. Kabla ya hukumu, hakimu alimtuma afisa wa probesheni aje huku kwetu aulize huyu ni mtu wa namna gani na nini kilikuwa kati yake na msimamizi wake. Jibu la swali hilo lilikuwa na uzito. Mtu aliyekata mwenzake bila sababu hupewa kifungo kimoja, na mtu aliyesukumwa mwaka mzima hupewa kingine.

Mke wa mzee alikuja kwangu kabla ya afisa. Walikuwa wameambiwa watoke kwenye nyumba ya kampuni, na alikuja na matope ya kuhamisha vitu miguuni. Hakutaka kuketi.

"Ndugu yangu," akaniambia, "mimi mzee hakuniambia hata siku moja. Nilikuwa naona tu anarudi amechelewa. Hayo mambo ya kumwagiwa majani nilisikia kwa bomba, watu wakisema vile wewe ulisema kwa maiki. Wenzake wanaogopa, wako na watoto. Wewe si wa kampuni. Sema tu vile ulisema."

Nilimwambia nitaona. Ndivyo tunavyosema huku tukimaanisha hapana.

Nilikwenda hospitalini kumwona shemeji. Dada alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Tulipotoka nje alinishika mkono, akaniambia kwamba habari za Jumapili zikijulikana mumewe atafukuzwa kazi, na akifukuzwa hivi alivyo, watoto wanne wataishi wapi. Hakuniambia nidanganye. Aliniuliza tu wataishi wapi, na mimi nililala kwenye ile sebule miaka miwili. Pia nilikuwa na hasira. Ule mkono uliokatwa ndio uliokuwa ukinipakulia chakula. Hasira yangu ilikuwa ya kweli na niliifurahia, kwa sababu nikiwa ndani yake sikuhitaji kufikiria jambo lingine.

Afisa alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa mtu mpole, wa miwani, mwenye faili la rangi ya majani makavu. Alikaa safu ya mbele, akaweka faili magotini.

"Nimeambiwa na watu wawili watatu kwamba wewe unajua kisa cha huyu mzee na nyapara wake," alisema. "Nimeambiwa ulikisimulia hapa."

"Hayo ni mambo ya picha, bwana. Mimi hutunga tu."

"Hakuna ukweli ndani yake?"

"Watu walitaka kucheka."

Aliniangalia kidogo, akaandika. Hakuniuliza tena. Muda wote aliokaa mle ndani ulikuwa mfupi kuliko ninaoutumia kutafuta diski. Alinishukuru, akaniomba radhi kwa kunipotezea wakati, na nikamsindikiza mpaka mlangoni kama mtu mwenye heshima zake.

Mzee alipewa miaka saba.

Siku mke wake alipoondoka nilikuwa nimesimama mlangoni pa banda. Mkokoteni ulipita na godoro, sufuria, na kabati moja lililofungwa kwa kamba. Nilidhani atatazama pembeni, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alinisalimu. Alinitakia mchana mwema, akauliza kama mgonjwa wetu anaendelea vizuri, akasukuma mkokoteni wake.

Ningependa kuandika kwamba niliweka maiki chini kwa sababu ya dhamiri. Si kweli. Niliendelea kutafsiri, na watu waliendelea kucheka, mpaka simu za kioo zilipoingia na kila mtu akawa na banda lake mfukoni. Banda likageuzwa stoo ya mbolea. Shemeji alirudi kazini mkono ukiwa na kidole gumba tu, na baadaye mashine za kuchumia zilipoletwa, wanyapara wengi walipunguzwa, naye akiwemo. Sasa yuko kwenye shamba lake na dada. Mara moja tu alilitaja lile jambo. Tulikuwa tumekaa uani, akaniambia bila kunitazama kwamba hajasahau jinsi nilivyomsaidia kwa yule afisa. Nilimjibu kwamba sikufanya kitu. Ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nina kibanda Kiptere sasa. Ninapiga chapa barua, ninajazia watu fomu za serikali, na bado ninawanakilia picha kwenye flashi wale wasiotaka kumaliza bando. Mwaka jana mteja aliniomba picha za zamani, nikatoa kasha la diski zangu nizisafishe. Ilikuwa mchana, mvua ya mawe imefunga barabara, hakuna mtu anayeingia. Nikaiona ile diski yenye namba. Nikaiweka.

Bila sauti yangu juu yake, ilikuwa picha nyingine. Hakuna aliyecheka. Sasa Kiingereza nakisikia vizuri, na yule fundi kumbe alikuwa akisema mengi, kwa sauti ya chini, na mengi ya aliyosema yalikuwa maombi ya vitu vidogo. Anaomba gari lisogezwe kidogo. Anaomba kubadilishiwa zamu moja, mtoto wake anaumwa. Hata mtoto sikuwahi kujua anaye. Spana ilipoinuka na bosi alipoanguka, kidole changu kilikwenda kwenye kitufe chenyewe, kwa mazoea. Nikakirudisha.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Hazina vita hata kidogo. Fundi yuko kortini. Anaitwa shahidi, mwanamke wa ghorofa ya nne, mmoja wa wale waliokuwa wakimcheka ngazini, naye anasema hajui kitu, hakuona kitu, anaenda nyumbani. Anapika. Anaosha chombo kimoja muda mrefu. Kesho yake anarudi kortini bila kuitwa, na nguo zile zile, anasimama. Anasema: niliona mfuko ukimwagwa, siku nyingi niliona, na nilicheka. Hakuna zaidi ya hayo. Fundi anafungwa vilevile, maana mtu ameumia. Lakini akipitishwa mbele ya yule mwanamke anainua uso, na ndiyo mara ya kwanza katika picha nzima unamwona amemtazama mtu machoni.

Nililia. Nilikuwa mtu mzima wa miaka karibu arobaini, mwenye watoto, nikilia mbele ya kompyuta ya kuchapia barua. Mvua ya mawe ilisaidia, hakuna aliyenisikia.

Nilijua mzee yuko wapi. Alitoka baada ya karibu miaka mitano, na yuko ukingoni mwa soko la Roret, anashona gambuti, zile buti za mpira, na mifuko, kazi aliyojifunza ndani. Mke wake ana meza ya omena, dagaa wa ziwani, hatua chache kutoka kwake. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi, upande wa pili wa barabara.

Nilikwenda siku ya Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Alikuwa na gambuti moja magotini, anaitoboa kwa sindano kubwa. Nywele zimekuwa nyeupe. Aliinua macho, akanitambua mara moja.

"Dijei," akasema.

Kulikuwa na kigoda kingine, cha wateja, kimejaa vumbi la mpira. Alitoa kitambaa mfukoni, akakikunjua, akakitandika juu ya kile kigoda ili nikae. Nilitaka kukataa na sikuweza. Nikakaa.

Nilimwambia kwamba ile picha haikuishia pale nilipomwambia imeisha. Nilimwambia ilikuwa na dakika ishirini zaidi na mimi ndiye niliyezikata, kama nilivyokata za picha zote. Hakuonekana kushangaa. Aliweka sindano chini, akasema, "Haya, niambie." Nikamsimulia, bila maiki, bila kuigiza sauti ya mtu. Nilipofika kwa mwanamke wa ghorofa ya nne, alinikatiza.

"Huyo mama alirudi?" akauliza.

"Alirudi."

"Na akasema alicheka?"

"Akasema aliona, na alicheka."

Alitikisa kichwa polepole. Pale mkewe alikuwa akipimia mtu omena kwa kikombe na hakututazama. Nikaona nikiondoka bila kusema lililonileta sitalisema tena maishani.

"Mzee," nikasema, "mimi niliulizwa. Yule afisa alikuja bandani, akaniuliza. Nikamwambia nilikuwa natunga tu."

"Hiyo najua. Ilisomwa kortini, nimesimama pale."

"Nilikuwa najua kila kitu. Shemeji alikuwa anatusimulia nyumbani. Ile siku, kwa maiki, nilikuwa nakusema wewe. Nilijua ni wewe, na nilijua uko pale umekaa."

Alichukua gambuti, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo.

"Mimi niliamini ile karatasi ya afisa," akasema. "Nilisema, kumbe huyu kijana alikuwa anatunga. Ilitokea tu ikafanana na mimi. Hakujua. Huko ndani watu wote nilikuwa nawakasirikia, dijei, hata wale wa foleni. Wewe peke yako sikukukasirikia. Hiyo ndiyo ilikuwa inanisaidia kulala."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimekuja kutua mzigo wangu, na nilikuwa nimeutua juu ya kitu pekee alichotoka nacho jela. Nikasema nisamehe, mzee. Nililisema mara mbili, na nikaketi hapo nikingoja aseme sawa tu. Nimeingojea maisha yangu yote ya utu uzima ile sawa tu, na nilikuwa na hakika ataisema, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwomba jambo asiiseme.

Hakusema. Aliokota sindano, akaingiza uzi tundu la kwanza, akavuta, akaingiza la pili. Mteja akaja na mkoba uliokatika mkanda, akasimama nyuma yangu. Mzee alimwambia angoje kidogo. Kisha akaninyooshea mkono, na mimi kwa sekunde moja nikadhani ananipa mkono.

"Inuka kidogo," akasema. "Nataka kitambaa changu."